Valvu Ikiwaka Nyekundu, Usikimbilie Dukani

NDUGU msikilizaji, wiki hii nakuletea habari kutoka kusini mwa nchi yetu, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Habari yenyewe si ya korosho wala ya barabara. Ni ya amplifaya ya gitaa iliyotengenezwa kwa mkono, ambayo kwa muda wa miezi kadhaa ilikuwa inakula valvu kama mchwa anavyokula mlango. Najua wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la watu wachache. Nawaomba wanivumilie, kwa sababu ugonjwa ulioikumba amplifaya ile ndio ugonjwa unaoyakumba majenereta, pampu za maji na mashine za kusaga katika vijiji vyetu vingi, na tiba yake ni ile ile.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Valvu ni ile chupa ndogo ya kioo ambayo wazee wetu waliiona nyuma ya redio za zamani, zile ambazo ukiziwasha hupati sauti mpaka zipate joto. Ndani yake hewa imeondolewa. Katikati kuna kathodi inayopashwa moto, pembeni kuna kibati kiitwacho pleti, na baina yao kuna waya mwembamba uliozungushwa, uitwao gridi. Umeme hutoka kwenye kathodi kwenda kwenye pleti, na gridi hufanya kazi ya bomba la maji: ikifunga, umeme hupungua, ikifungua, umeme humiminika. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904, na Mmarekani Lee de Forest akaiongezea gridi mwaka 1906. Transista ilipogunduliwa mwaka 1947, ikaanza safari ya kuzing'oa valvu madukani. Hata sisi watu wa redio tulitegemea valvu kwa miaka mingi, maana mitambo mikubwa ya kurushia matangazo ilitumia valvu kubwa zilizopozwa kwa feni au kwa maji.

Wapiga gitaa, hata hivyo, hawakuziacha. Gitaa likipigwa kwa nguvu, valvu hailii kwa ghafla kama transista iliyozidiwa, bali sauti hukunjika polepole na kuwa nene. Ndiyo maana mpaka leo zipo nchi zinazotengeneza valvu, zikiwemo Urusi, Slovakia na China, na wateja wao wakubwa ni wanamuziki. Mtu aliyekulia katika muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970, enzi za NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, sikio lake linajua ninachosema.

Sasa tuje kwenye kisa. Ruangwa, ambayo hadi mwaka 1995 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea, anaishi kijana mmoja mkulima wa korosho ambaye pia ni mpiga gitaa katika bendi ndogo ya harusi. Kijana huyu alirithi kwa mjomba wake redio kubwa mbovu yenye valvu. Akaifungua, akachukua transfoma zake mbili, soketi na baadhi ya vipande vingine, akajenga amplifaya juu ya bati la alumini na kuifunika kwa sanduku la mninga. Ilikuwa na valvu mbili za nguvu za aina ya EL84 na moja ndogo ya mbele ya aina ya ECC83. Ilipiga vizuri sana, kwa muda wa harusi mbili.

Baada ya hapo valvu moja ya nguvu ikaanza kuwaka nyekundu, sauti ikafifia, kisha ikafa. Fundi wa pale mjini akamwambia valvu imechoka, anunue nyingine. Akaagiza Dar es Salaam jozi nzima. Haikumaliza mwezi. Akaagiza jozi ya pili kwa fedha za malipo ya korosho ambazo mke wake alikuwa amezipangia bati za nyumba. Nayo ikaanza kuwaka. Hapo nyumbani hakukuwa na amani tena, na kijana akawa ameshaamua kupanda basi kwenda Kariakoo kugombana na muuza duka kwamba amemuuzia valvu feki. Kabla hajakata tiketi, mtu akamshauri aende Nachingwea akamwone mzee mmoja mstaafu aliyetengeneza redio tangu ujana wake. Mimi nilikuwa huko kwa kazi nyingine, nikapata bahati ya kukaa kibarazani kwa mzee huyo, daftari mkononi, siku kijana alipofika na sanduku lake.

"Shikamoo babu," alisema kijana. "Nimeuziwa valvu mbovu mara mbili."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umejuaje kwamba ni mbovu?"

"Zinaungua."

"Hata nyama inaungua," mzee akajibu, "na mwenye bucha hana kosa."

Kabla ya kushika bisibisi, mzee alitufundisha kusoma rangi, na hili naomba kila mwenye kifaa cha valvu alikariri. Mwanga wa rangi ya chungwa katikati ya chupa ni wa kawaida, huo ni moto wa kupashia kathodi. Mwanga wa bluu unaotanda kwenye kioo chenyewe hauna madhara. Mwanga wa zambarau au wa waridi unaojaa katikati, baina ya vibati, maana yake ndani kumeingia gesi na valvu hiyo imekwisha. Lile doa jeusi la kung'aa kama kioo kwenye kichwa cha chupa likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, tupa. Lakini kibati chenyewe cha pleti kikianza kuwa chekundu, hasa ukizima taa za chumbani, hiyo ni homa kali: umeme unaopita ni mwingi kuliko valvu inavyoweza kuuhimili. Zima mara moja. Ukiiacha dakika chache tu, valvu itakufa na inaweza kuondoka na transfoma. Kuhusu joto la kioo, mzee alisema hilo lisikutishe, kwani valvu nzima inayofanya kazi yake vizuri inaunguza kidole.

Jambo la pili lilikuwa usalama, na hapa mzee hakuwa na mzaha. Ndani ya amplifaya ya valvu mna volti 300 na zaidi, na kapasita zake kubwa huweza kuzihifadhi hata baada ya kuchomoa plagi. Umeme huo unaua. Aliunganisha rezista yenye waya wenye ganda kutoka kwenye kapasita kubwa hadi kwenye bati, akasubiri, kisha akapima kwa mita mpaka akaona umeme umekwisha. Ndipo akagusa. Alipolazimika kupima kifaa kikiwa kimewashwa, alivaa viatu vya mpira, mkono mmoja ukashika mita na mwingine ukakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Aidha, hakukiwasha hata mara moja bila spika kuunganishwa, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti ikikosa spika huweza kuzalisha umeme mkubwa ukaichoma yenyewe.

Baada ya hapo akafanya jaribio ambalo halikugharimu hata senti. Alimuuliza kijana ni valvu ya upande gani inayowaka. Kijana akasema ni ya kushoto. "Na zile za kwanza?" Kijana akafikiri, akasema nazo ilikuwa ya kushoto. Mzee akazima, akangoja zipoe, akabadilishana nafasi za valvu: ya kushoto akaiweka kulia, ya kulia akaiweka kushoto. Akawasha. Baada ya dakika tatu hivi, iliyowaka nyekundu ilikuwa tena ya kushoto, ambayo dakika chache zilizopita ilikuwa upande wa kulia na haina tatizo lolote.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo kesi ya muuza duka ilipofutwa. Wekundu ungeifuata valvu, kosa lingekuwa la valvu. Wekundu ulibaki kwenye soketi, kwa hiyo kosa lilikuwa ndani ya amplifaya yenyewe. Kijana alinyamaza kimya. Nadhani alikuwa anahesabu bati.

Sasa zikaja tarakimu. Kila valvu ilikuwa na rezista yake ya omu 270 kutoka kathodi kwenda kwenye bati. Ukipima volti zilizo juu ya rezista hiyo na kugawanya kwa 270, unapata kiasi cha umeme kinachopita ndani ya valvu. Kushoto mita ilionyesha volti 16.2, yaani miliampia 60. Pleti ilikuwa na volti 335, ukitoa zile 16 za kathodi zinabaki 319. Zidisha 319 kwa miliampia 60, unapata wati 19 na kidogo. Watengenezaji wa EL84 wameandika kwamba pleti yake ibebe wati 12 tu. Upande wa kulia, ule ambao haukuwaka, palikuwa na volti 12.7 kwenye kathodi, sawa na miliampia 47, na hesabu ikatoa wati 15. Ni kweli kwamba sehemu ndogo ya umeme huo huenda kwenye gridi ya pili na si kwenye pleti, lakini hata ukiipunguza, valvu zote mbili zilikuwa zimebebeshwa mzigo usiowafaa. Moja ilikuwa inapiga kelele, nyingine inakufa kimya kimya.

Mzee akaenda kwenye gridi, mguu namba 2 wa soketi. Katika mpangilio ule, gridi inapaswa kuwa na sufuri. Kulia ilikuwa sufuri. Kushoto ilikuwa volti 4 za chanya, na zilizidi kupanda taratibu. Gridi yenye chanya ni bomba lililofunguliwa zaidi ya inavyotakiwa. Lakini chanya hiyo inatoka wapi? Yawezekana inatoka kwenye valvu yenyewe ikiwa na gesi, au inavuja kutoka hatua ya nyuma kupitia kapasita ya kuunganishia, ambayo kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme wa moja kwa moja. Namna ya kuzitofautisha ni rahisi: chomoa valvu, kisha pima tena pale pale kwenye soketi. Mzee alichomoa, na zile volti 4 zilikuwa bado zipo. Kapasita ndiyo iliyokuwa inavuja. Ilikuwa kapasita ya karatasi iliyong'olewa kwenye redio ya mjomba, yenye umri mkubwa kuliko mwenye amplifaya.

Mzee aliing'oa na kulehemu mpya ya plastiki ya volti 630, na kwa tahadhari akabadilisha na mwenzake wa kulia. Ni kitu cha bei ndogo mno ukilinganisha na valvu moja. Tukawasha, na wekundu ukatoweka. Kijana akaruka kwa furaha, akataka kufunga sanduku aondoke. Mzee akamwambia, "Kaa chini, mjukuu wangu. Homa imeshuka, malaria bado haijatoka."

Nawaomba mtulie hapa, maana mafundi wengi tunaachana nao katika hatua hii. Valvu zote mbili sasa zilikuwa kwenye wati 15, badala ya 12. Hazikuwaka, lakini zisingedumu. Mzee akauliza redio ile ilikuwa inageuza umeme kwa kitu gani. Kijana akasema ilikuwa na valvu ya EZ81 ambayo ilikuwa imekufa, hivyo fundi akaweka dayodi. Dayodi ni imara na haina kosa, ila haipotezi volti kama valvu ile ilivyokuwa inapoteza. Hapo peke yake zikaongezeka volti zipatazo 20. Kisha mzee akapima umeme wa ukutani, akakuta volti 238. Transfoma ile ilikuwa na njia ya volti 220 tu. Tofauti hiyo ni kama sehemu nane katika mia, na juu ya pleti ikaleta volti nyingine 25 hivi. Jumlisha hizo mbili, utaona kwa nini vipande vilivyozoea volti 290 vilikuwa vinapewa 335. Hakuna aliyefanya jambo la ajabu. Mambo mawili madogo, kila moja linavumilika, yalikutana kwenye kitu kimoja.

Tiba ilikuwa rezista moja ya omu 560, ya wati 10, iliyowekwa baada ya kapasita ya kwanza, kwenye njia inayokwenda kwenye transfoma ya sauti. Pleti zikashuka hadi volti 290, kathodi zikawa na volti 10.5, umeme ukawa miliampia 39, na hesabu ikatoa wati 11 kasoro kidogo. Moto wa kathodi, ambao unatakiwa kuwa volti 6.3, tuliukuta 6.8. Mzee akauacha, kwa kuwa upo ndani ya sehemu moja ya kumi inayoruhusiwa. Mwisho akamwagiza kijana atoboe matundu chini na juu ya sanduku lile la mninga, ili hewa ya baridi iingie chini na ya moto itokee juu. Kwa jua la Ruangwa, valvu iliyofungiwa kwenye sanduku bila tundu ni mkate uliowekwa kwenye tanuri.

Kwa faida ya wengine wenye matatizo yanayofanana, nataja sababu nyingine ambazo mzee alizikagua asizikute. Ukipima kathodi ukakuta sufuri huku valvu inang'aa, usidhani umeme haupiti. Huenda kapasita iliyo sambamba na rezista ya kathodi imeungana ndani kwa ndani. Rezista inayoishusha gridi kwenye bati ikikatika, valvu hukosa kizuizi na kuwaka. Mguu uliolegea kwenye soketi huweza kuleta kosa hilo hilo, na wakati mwingine risasi iliyolehemiwa vibaya. Iwapo valvu zote mbili zinawaka hata gitaa halijachomekwa, huenda amplifaya inajipigia yenyewe mlio wa juu usiosikika. Hapo fupisha waya, tenganisha waya za kuingilia na za kutokea, na weka rezista ndogo karibu kabisa na mguu wa gridi. Na kwa zile amplifaya ambazo gridi zake hupewa umeme wa hasi kutoka njia ya pekee, pima hasi hiyo kabla ya kuchomeka valvu. Ikikosekana, usizichomeke.

Ndugu msikilizaji, Nachingwea ina kumbukumbu kubwa ya kazi iliyoanzishwa bila kupima. Ni moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo, zilizochaguliwa na Waingereza kwa ule mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Ujumbe wa wataalamu uliotumwa mwaka 1946 ulizunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, kisha matrekta yakaletwa. Udongo na mvua havikuwa kama ilivyodhaniwa. Matrekta yaliharibika, yakaletwa mengine, nayo yakaharibika. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, ukiwa umeteketeza zaidi ya pauni milioni 30 za walipa kodi wa Uingereza. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kuleta trekta jipya pale ambapo la kwanza limevunjika, bila kuuliza limevunjwa na nini, ni sawasawa na kuchomeka valvu mpya kwenye soketi inayochoma.

Simlaumu fundi wa Ruangwa. Mteja wetu wa kawaida hulipia kipande, halipii fikra. Fundi akimwambia nipe fedha nipime tu, humwona tapeli. Akimwambia lete kipande kipya, humwona mjuzi. Kwa hiyo sisi wateja tumewafundisha mafundi wetu kubadilisha badala ya kupima. Ni vyema tukaanza kuthamini kazi ya kupima na kuilipia, na walimu wa vyuo vyetu vya ufundi, VETA na vinginevyo, wawafundishe vijana kuandika tarakimu kabla ya kung'oa kitu. Mita ya kawaida yenye uwezo wa kupima volti 600 haifikii bei ya zile jozi mbili za valvu, na inaweza kutumika na kijiji kizima.

Vilevile tuwatafute wazee wetu kama yule wakiwa bado wako hai na macho yao bado yanaona mguu namba 2. Hakuna kitabu chao kilichochapishwa. Kijana akikaa nao mchana mmoja, anaondoka na kitu ambacho dukani hakiuzwi.

Kwa leo naishia hapa. Ukiona kifaa chako kinakula kipande kile kile kwa mara ya pili, usinunue cha tatu. Kizime, ukipime, au mtafute anayejua kupima. Hadi wiki ijayo, kwaherini.